Kutoka Mbeya hadi Budapest: Historia Fupi ya Mwimbaji Rayvanny, na Deni Langu la Daftari Moja



Mhariri wa jarida letu aliponiandikia akinitaka nitoe makala ya historia kwa ajili ya mkutano wetu wa safari hii, bila shaka alitazamia habari za machifu wa Unyamwanga au habari za reli ya TAZARA. Hayo ndiyo mambo ambayo mtu wa umri wangu, aliyesoma historia pale Mlimani na ambaye sasa siku zake zinapita katikati ya mafaili ya serikali, hutarajiwa kuyaandika. Nilimjibu kwamba nitaandika habari za mwimbaji wa bongo fleva. Alinyamaza siku tatu, kisha akaniletea neno moja tu: "Sawa."

Najua wapo kati yetu watakaoguna. Tulilelewa kuamini kwamba muziki ni wa jioni, baada ya kazi, na kwamba mtu mwenye akili hauweki mbele. Mimi mwenyewe niliamini hivyo, tena niliamini kwa mikono yangu, kama nitakavyoeleza. Lakini historia ni habari ya watu na kazi zao pamoja na mambo yaliyowawezesha au kuwazuia. Kwa kipimo hicho, maisha ya kijana aliyezaliwa Mbeya mwaka 1993 na kusimama jukwaani Budapest, nchini Hungaria, mwaka 2021, yanastahili kurasa chache katika jarida la shule ya Kamsamba. Naomba mnivumilie.

Mtoto wa mkoa wetu

Vijana wa leo wamezoea kusema Mkoa wa Songwe, na ni haki yao. Mkoa huu ulianzishwa mwaka 2016, na Wilaya yetu ya Momba iligawanywa kutoka Mbozi mwaka 2012. Sisi wa zamani tuliandika juu ya bahasha zetu "Wilaya ya Mbozi, Mkoa wa Mbeya," na barua zilifika, ingawa wakati wa masika zilifika baada ya mambo yenyewe kwisha. Kwa hiyo Raymond Shaban Mwakyusa, anayejulikana kwa jina la Rayvanny, alipozaliwa mjini Mbeya tarehe 22 Agosti, 1993, alizaliwa katika mkoa wetu. Ukoo wake ni wa Kinyakyusa, nasi wa huku bondeni ni Wanyamwanga, Wawanda na wengineo, lakini kwa ramani ya siku zile tulikuwa nyumba moja.

Nasema hivi kwa sababu mara nyingi tunapomsikia mtu aliyefanikiwa tunadhani ametoka mbali, mahali penye taa na barabara za lami. Mbeya si Dar es Salaam. Kijana wa Mbeya aliyetaka kuimba alikuwa na safari ndefu mbele yake, kama vile kijana wa Kamsamba alivyokuwa na safari ya kupanda mlima kwa lori la mpunga hadi Mlowo kabla hata hajaanza kufikiri habari za Mbeya. Tofauti yetu na yeye ilikuwa ya hatua moja tu ya safari.

Muziki ulikuwa wa nani?

Ili tuelewe jambo alilolifanya kijana huyu, hapana budi turudi nyuma kidogo.

Wazazi wetu walikuwa watu wa dansi. Walimjua Salum Abdallah wa Cuban Marimba ya Morogoro, wakamjua Mbaraka Mwinshehe, aliyezaliwa mwaka 1944 na kuingia Morogoro Jazz akiwa kijana wa miaka ya ishirini. Mbaraka alikuwa mtunzi, mwimbaji na mpiga gitaa wa ajabu. Mwaka 1970 alisafiri na wenzake hadi Osaka, Japani, kwenye maonyesho makubwa ya dunia. Mwaka 1973 aliunda bendi yake ya Super Volcano. Tarehe 12 Januari, 1979, alifariki kwa ajali ya gari karibu na Mombasa, akiwa na umri wa miaka 34 tu. Hadi leo ukiwasha redio usiku wa manane hutakosa kumsikia.

Walakini tazameni jambo moja. Katika siku hizo mwanamuziki hakuweza kuwa mwanamuziki peke yake. Gitaa, ngoma, saksafoni na vipaza sauti vilikuwa mali ya bendi, na bendi nyingi zilikuwa mali ya jumuiya, shirika la umma, jeshi au mfanyabiashara mwenye fedha. NUTA Jazz, kwa mfano, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa bendi ya chama cha wafanyakazi. Kurekodi nako kulikuwa na mlango mmoja hapa nchini, yaani Radio Tanzania Dar es Salaam. Asiyepita mlango huo alikwenda Nairobi kutafuta kampuni ya sahani za santuri. Kwa hiyo kipaji bila chombo kilikuwa kama mbegu bila shamba. Mtoto wa bonde la Rukwa angeweza kuwa na sauti tamu namna gani, gitaa angelitoa wapi?

Mambo mawili yalibadilisha hali hiyo, nayo yote mawili yalitokea tulipokuwa watoto.

La kwanza ni sheria. Mwaka 1993 Bunge lilipitisha sheria ya utangazaji iliyoruhusu vituo vya watu binafsi, na mwaka 1994 Radio One ikaanza kusikika Dar es Salaam. Kwa ghafla zikawapo redio zenye saa nyingi za kujaza na watangazaji vijana waliotaka nyimbo za vijana wenzao.

La pili ni muziki wa kufokafoka kutoka Marekani. Wazee waliuona ni kelele, lakini waliokosa vyombo waliuona ni ukombozi. Kufoka hakuhitaji gitaa. Kunahitaji maneno, pumzi, na mtu wa kugonga meza. Mwanzoni vijana walifoka kwa Kiingereza cha kuiga, kisha wakagundua kwamba Kiswahili chetu, ambacho maneno yake karibu yote huishia kwa irabu, kina vina vingi kuliko lugha waliyokuwa wakiikopa. Washairi wa pwani walilijua jambo hilo karne nyingi zilizopita. Vijana wa mjini walilivumbua upya katika miaka ya tisini, nao ndio wakaanzisha kile kilichoitwa baadaye bongo fleva.

Mmoja wa waanzilishi hao alikuwa Joseph Mbilinyi, aliyejiita 2-Proud, kisha Mr II, kisha Sugu. Mwaka 2010 watu wa Mbeya Mjini walimchagua kuwa mbunge wao. Mwenzake Joseph Haule, yaani Profesa Jay, akawa Mbunge wa Mikumi mwaka 2015. Nalitaja hili kwa faida ya wale walioguna hapo mwanzo. Kazi iliyoanza kwa kugonga meza iliwafikisha watu wawili Bungeni.

Daftari

Hapa ndipo habari yangu mwenyewe inapoingia, nami nitaieleza kwa ufupi kwa maana hainipi sifa.

Mwaka 1996 nilikuwa kidato cha tatu, nami nilikuwa kiranja. Nilikuwa kiranja mkali. Hakuna mwalimu aliyenituma kuwa hivyo. Ulikuwa ukali wangu mwenyewe, wa kijana aliyekwisha kujiona mkuu wa wilaya. Darasani kwetu alikuwapo mwenzetu mmoja, ambaye sitamtaja jina, mwana wa mkulima wa mpunga kutoka ng'ambo ya mto. Binamu yake alikuwa mchukuzi wa mizigo Tunduma, na kila likizo alimletea kanda zilizonakiliwa mara nyingi mno hata sauti ikawa kama ya mtu anayezungumza ndani ya mtungi. Katika kanda moja alikuwamo Mr II. Mwenzetu aliisikiliza hadi utepe ukakatika, akaunga kwa rangi ya kucha ya dada yake, akaendelea kusikiliza.

Kisha akaanza kuandika nyimbo zake. Aliandika katika daftari moja kubwa la kaunta, Kiswahili upande huu na Kinyamwanga upande ule. Aliimba habari za mvua, za lori lililokwama mlimani siku nne, za karani wa mizani aliyeweka kidole juu ya mizani. Wakati wa kujisomea usiku, chini ya taa ya karabai, wenzake walikuwa wakimzunguka na kugonga madawati kwa vidole taratibu ili wasisikike.

Usiku mmoja nilisikia. Niliingia, nikalichukua lile daftari mbele ya wote, nikalichana vipande, nikavipeleka jikoni kuwashia moto wa uji wa asubuhi. Nilimwambia kwamba nyimbo hazitamsaidia kujibu mtihani wa Taifa. Hakupigana wala kulia. Aliketi, akachukua kitabu cha Jiografia, akakifungua. Hakufoka tena hadi tulipomaliza kidato cha nne.

Nilijiona nimefanya jambo la maana. Ndugu zangu, nilijiona hivyo kwa muda wa miaka zaidi ya ishirini.

Kupanda kwa Raymond

Sasa turudi kwa kijana wa Mbeya. Wakati mimi nachana daftari Kamsamba, yeye alikuwa mtoto wa miaka mitatu.

Naye alianza kwa kufoka, akiwa bado mwanafunzi. Hilo ni jambo la kuangaliwa sana, kwa maana wengi wanaomsikia leo akiimba nyimbo laini za mapenzi hawajui kwamba msingi wake ni ule ule wa kugonga meza na kupanga maneno. Mwaka 2011, akiwa na umri wa miaka 18, alishinda mashindano ya kufoka papo kwa papo, yaani ya kutunga hapo hapo bila kuandika. Mtu asiye na hazina ya maneno hawezi mashindano hayo hata kwa dakika moja.

Kutoka hapo alikwenda Dar es Salaam, akapokewa katika kundi la Tip Top Connection la Manzese. Hakupanda mara moja. Alikuwa mmoja wa vijana wengi katika kundi lenye wakubwa wake, na kwa miaka kadhaa taifa halikumjua. Alijifunza kazi kama fundi seremala anavyojifunza, kwa kushika mbao za mwenzake kwanza.

Mwaka 2015 alijiunga na WCB Wasafi, kampuni ya Nasibu Abdul wa Tandale, ambaye dunia inamjua kwa jina la Diamond Platnumz. Mwaka uliofuata, 2016, ulitoka wimbo wake wa kwanza chini ya kampuni hiyo, nao uliitwa "Kwetu." Ni wimbo wa kijana maskini aliyependa, ambaye anaona haya kwa ajili ya hali ya nyumbani kwao. Nilipousikia mara ya kwanza nilikuwa safarini kikazi, ndani ya basi, na abiria wote walinyamaza. Kila aliyekuwamo alikuwa na kwao. Baada ya hapo hapakuwa na haja ya kumtambulisha tena.

Mwaka huo huo wa 2016 aliimba pamoja na Diamond katika wimbo "Salome," ambao ulijengwa juu ya wimbo maarufu wa Saida Karoli wa Kagera, aliouimba kwa Kihaya mwanzoni mwa miaka ya 2000. Wasomaji wangu wa umri wangu wanakumbuka jinsi Saida alivyotuchezesha bila sisi kuelewa maneno. Wimbo ulioanzia kwenye ngoma za Bukoba ukarudi mjini kwa mavazi mapya na kuvuka mipaka. Je, nyimbo za Kinyamwanga zinazoimbwa hapa bondeni wakati wa mavuno, ni nani anayeziandika?

Mwezi Juni, 2017, mjini Los Angeles, Marekani, Rayvanny alipata tuzo ya BET ya msanii bora wa kimataifa anayechipukia, ile inayochaguliwa kwa kura za watazamaji. Alikuwa Mtanzania wa kwanza kupata tuzo ya BET. Eddy Kenzo wa Uganda alikwisha kuipata tuzo ya namna hiyo mwaka 2015, kwa hiyo Afrika Mashariki haikuwa ngeni kabisa, lakini kwetu ilikuwa mara ya kwanza. Alikuwa hajatimiza miaka 24.

Mwaka 2019 alitoa wimbo "Tetema" akiwa na Diamond. Nataka tusimame kidogo kwenye neno hilo. Sisi wa bonde la Rukwa tulilijua neno kutetema tangu utoto, kwa sababu ya malaria. Ndilo neno la mtu aliyefunikwa mablanketi mawili mchana wa jua kali. Kijana akalichukua neno la homa akalifanya la ngoma. Mwaka 2021 mwimbaji Maluma wa Kolombia akaingia katika wimbo huo kwa toleo jipya lililoitwa "Mama Tetema," na tarehe 14 Novemba mwaka huo wawili hao waliuimba pamoja Budapest, katika sherehe ya tuzo za MTV za Ulaya. Neno la Kiswahili, tena la kitenzi, lilitamkwa mbele ya watazamaji wa nchi nyingi, na hakuna aliyelitafsiri.

Mwaka 2020 alikuwa ametoa mkusanyiko mfupi wa nyimbo ulioitwa "Flowers," na mwaka 2021 albamu yake "Sound from Africa." Mwezi Machi, 2021, alianzisha kampuni yake, Next Level Music, ili naye awainue wengine. Mwezi Julai, 2022, alitangaza kuondoka rasmi WCB.

Upande wa pili wa sarafu

Nisingekuwa mkweli kama ningeandika sifa tupu. Vijana wanaosoma makala hii wasidhani kwamba njia hiyo haina miiba.

Mwezi Novemba, 2018, Baraza la Sanaa la Taifa, yaani BASATA, lililoundwa kwa Sheria Na. 23 ya mwaka 1984, liliufungia wimbo "Mwanza" wa Rayvanny na Diamond kwa sababu ya maneno yake. Mwezi Desemba wimbo huo uliimbwa jukwaani Mwanza kwenyewe pamoja na kufungiwa, na Baraza likawafungia waimbaji wote wawili wasifanye maonyesho. Waliomba radhi, na mwezi Januari, 2019, wakafunguliwa. Mimi ni mtumishi wa serikali, nami naamini kwamba nchi yenye watoto ina haki ya kuwa na mipaka. Lakini pia naamini kwamba mtunzi aliyejaliwa maneno kama yule hakuwa na upungufu wa maneno hata akalazimika kuyatafuta pale. Ilikuwa hasara ya pande zote, nami nafurahi kwamba iliisha kwa mazungumzo.

Jambo la pili ni mikataba. Hapo ndipo penye somo kubwa kuliko yote, na ambalo halisikiki redioni. Kampuni inayomtoa kijana mtaani humlipia studio, video, nguo, safari na matangazo. Fedha hizo si zawadi. Zimo ndani ya mkataba. Kijana mwenye njaa hutia sahihi bila kusoma, na siku anapokuwa mtu mzima na kutaka kusimama peke yake, anagundua kwamba kuondoka nako kuna bei. Kabla ya Rayvanny, mwaka 2019, Harmonize wa Mtwara aliondoka katika kampuni ile ile na kuanzisha yake, na mazungumzo ya fedha za kuvunja mkataba yalijaza magazeti kwa miezi. Simlaumu mwenye kampuni: ametia mtaji, naye ana haki ya kuutazama. Nasema tu kwamba karatasi ile inapaswa kusomwa na mtu anayejua kusoma, tena kabla ya sahihi.

Enzi za Mbaraka, mtunzi wa wimbo mara nyingi hakuwa na karatasi yoyote ya kuonyesha kwamba wimbo ni wake. Leo ipo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Na. 7 ya mwaka 1999, na ipo Ofisi ya Hakimiliki, yaani COSOTA, ambako mtunzi anaweza kuandikisha kazi yake. Sheria haimlindi mtu asiyeijua. Nimekaa ofisini miaka ya kutosha kuliona hilo kwa wakulima wa viwanja, na sioni kwa nini liwe tofauti kwa waimbaji.

Darajani

Mwaka juzi nilikuja nyumbani kwa msiba. Siku ya tatu nilitembea hadi kwenye daraja la Mto Momba, lile linalotuunganisha na Kilyamatundu, upande wa Mkoa wa Rukwa. Ninyi vijana mnapita hapo kwa pikipiki bila kufikiri. Sisi tulisubiri maji yapungue, na wenzetu wa ng'ambo walikosa masomo kwa majuma mazima kila masika.

Pale darajani nilikutana naye. Alikuwa amesimama kando ya magunia ya mpunga akingoja gari. Mvi zimeanza, kama mimi. Ana mashamba, ana mashine ya kukoboa, hali yake ni nzuri kuliko watumishi wengi niwajuao. Tulisalimiana kwa furaha, tukaulizana habari za watoto na za waliotangulia mbele ya haki. Kisha nikakohoa, nikaanza kumwomba radhi kwa ajili ya daftari.

Alinitazama kama mtu anayetafuta jambo lililo mbali sana. Halafu akacheka hadi akaegemea gunia.

"Kaka," aliniambia, "zile nyimbo nyingi zilikuwa ovyo. Lakini nyuma ya lile daftari kulikuwa na Hisabati zangu zote za kidato cha tatu. Nilinakili upya kwa kibatari mwezi mzima. Kwa hilo ndilo nilikuchukia."

Tulicheka wote wawili. Mimi nilicheka kidogo kuliko yeye.

Kisha akanyamaza, akaniambia kwamba binti yake yuko kidato cha pili, hapa hapa shuleni kwetu. Anaimba kwaya, anatunga mwenyewe, na amekwisha kujaza madaftari mawili. Mama yake anaogopa. Yeye baba mtu hajui la kusema. Akaniuliza: "Wewe ndiye msomi. Ungekuwa mimi, ungemwambiaje?"

Gari lake lilifika kabla sijapata jibu. Alipakia magunia, akanipungia mkono, akaenda. Makala hii ndiyo jibu langu, nami namwomba amsomee binti yake.

Jibu

Simwambii mtoto yule kwamba atakuwa Rayvanny. Kwa kila kijana mmoja aliyefika Budapest wako maelfu waliorudi nyumbani na madeni. Mwanahistoria anayetoa kanuni kutoka kwa mtu mmoja ni mwanahistoria mbaya, nami nilifundishwa vizuri zaidi ya hapo.

Namwambia kwanza kwamba asichague kati ya daftari la nyimbo na daftari la Hisabati. Mimi ndiye niliyeyafanya yawe kitu kimoja cha kuchoma. Yeye ayatunze yote mawili, tena yawe mbali mbali, asije akakutana na kiranja kama mimi. Kijana wa Mbeya alijenga jina lake juu ya maneno. Maneno hupatikana kwa kusoma: mashairi ya Shaaban Robert, kamusi, magazeti, na mazungumzo ya bibi yake jikoni.

Pili, aandike jina lake na tarehe chini ya kila wimbo anaotunga, na siku ya kuurekodi ikifika auandikishe. Na siku atakapoletewa mkataba, asitie sahihi siku hiyo hiyo. Kati yetu wanafunzi wa zamani wamo mawakili, wahasibu na watumishi wa umma. Alete karatasi kwetu, tutaisoma bila malipo. Mimi natoa ahadi hiyo hapa kwa maandishi, na namwomba Mhariri aichapishe kama ilivyo.

Tatu, akusanye nyimbo za wazee. Wanaozijua wanapungua kila mwaka, nami nimewazika kadhaa mwaka huu. Mwenye simu ana kinasa sauti mfukoni, kitu ambacho Mbaraka Mwinshehe alikifuata hadi Nairobi.

Nne, amalize shule.

Kwenu wenzangu wa zamani ninalo ombi moja. Katika mkutano wetu tumezoea hotuba nne na chakula. Napendekeza hotuba moja ipunguzwe, tena iwe yangu, na muda huo wapewe wanafunzi waimbe nyimbo walizozitunga wenyewe, za Kiswahili na za lugha za kwetu. Aidha, kila mmoja wetu aje na daftari moja kubwa la kaunta, jipya, tuyakabidhi shuleni kwa ajili ya wanaotunga.

Mimi nitakuja na mawili. Moja ni la mkutano. La pili nimekwisha kulinunua, na juu yake nimeandika jina la mwenzetu yule wa kidato cha tatu. Nitampelekea kwake, ng'ambo ya mto.

Wenu katika udugu wa shule,

Mwanafunzi wa zamani, Kamsamba